Gari la Kijani Lililohesabiwa Mara Hamsini na Tano

Chumba cha Watoto,
Maktaba ya Umma, Jengo la Pamoja,
Mlango wa nyuma.

Jumanne, tarehe 11 Novemba. Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo saa moja na nusu, kisha jua.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maegesho ya Jengo la Pamoja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni Shemeji,

KUHUSU: HESABU YA MAGARI, NA OMBI LA KUTOBOMOLEWA

Niombe radhi kwanza kwa kuanza na hali ya hewa. Naandika shajara tangu nikiwa kidato cha pili, na mkono wangu haukubali kuandika tarehe bila kutaja mvua.

Mimi ni mtunza Chumba cha Watoto, huu mwaka wa kumi na saba. Unanifahamu, kwa kuwa Jumapili mbili kila mwezi hula mezani kwako, lakini barua rasmi haina budi kumtambulisha mwandishi hata kwa mtu aliyempakulia chakula juzi. Nimefikiria sana kama nikuandikie au nikuambie tukiwa tunanawa mikono. Nimeona niandike. Undugu ni undugu na kazi ni kazi, na jambo likisemwa mezani kwako dada hubadilisha mazungumzo.

Jengo letu, kama Kamati inavyojua, lina watumiaji watatu. Mbele ni maktaba ya watu wazima. Katikati ni chumba cha pamoja, ambacho Jumanne na Alhamisi asubuhi ni kliniki ya kupima watoto uzito, na Jumatatu na Jumatano mchana ni darasa la ushonaji. Nyuma nipo mimi na viti kumi na vinne vifupi, kabati la vitabu vya picha, na mlango mpana wa mbao mbili unaofungukia uani. Uani kuna nafasi ishirini na mbili za magari zilizochorwa kwa chokaa. Kamati yako imeamua kwamba zinahitajika ishirini na sita. Nne zilizopungua zimeonekana chumbani kwangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tangazo. Jumatatu tarehe 3 Novemba, bila mimi kuambiwa, mlangoni kwangu pamebandikwa karatasi isemayo: "Chumba hiki kitabomolewa kupisha nafasi nne (4) za magari." Aliyeibandika alikuwa mfupi au alikuwa amechoka, kwa sababu ameiweka usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili. Mwaka mzima nimehangaika kuwafundisha watoto hawa kusoma kwa sauti bila kusitasita. Tangazo lako walilisoma kwa pamoja, kwa sauti, na hawakusita hata mahali pamoja. Kisha wakanigeukia. Naomba Kamati itambue kwamba katika miaka kumi na saba sijawahi kugeukiwa vile.

2. Gari la kijani. Hapa ndipo kiini cha barua hii kilipo, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mtaalamu wa Maegesho mliyemwajiri alihesabu kuanzia Jumatatu tarehe 20 hadi Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Ni mtu mwema, ana kofia, na hakukosa hata saa moja. Kila saa kamili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, alizunguka uani na kuandika kila gari aliloliona. Hiyo ni mizunguko kumi na mmoja kwa siku, hamsini na mitano kwa wiki. Mwishoni alijumlisha kila alichoandika akapata magari 130, akagawanya kwa siku tano, akapata 26.

Dirisha langu linatazama uani. Nami nilikuwa nikiandika, kwa sababu huandika kila kitu. Haya ndiyo magari 130:

Gari la kijani lenye pancha mbili, lililoko pembeni mwa ukuta: mara 55.

Gari la Mtaalamu mwenyewe: mara 55.

Magari matatu ya Kamati, yaliyokuja Ijumaa kukagua zoezi na kukaa kwa muda wa saa tatu: mara 9.

Pikipiki ya Fundi, mwalimu wa ushonaji, iliyoandikwa kama gari: mara 8.

Gari linaloleta chanjo za kliniki: mara 2.

Bwana mmoja aliyeingia kugeuza gari, saa nne kamili ikamkuta akigeuza: mara 1.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kwamba haba ileile moja, ukiitia na kuitoa mara hamsini na tano, itajaza kibaba.

Siku ya pili ya zoezi nilimfuata Mtaalamu na kumweleza kwa adabu kwamba gari la kijani ni lilelile la saa iliyopita. Alinitazama kwa huruma. "Dada, mimi sihesabu gari. Nahesabu mahitaji. Saa tatu lilihitaji nafasi, saa nne limehitaji tena." Mlinzi wetu, ambaye sote tunamwita Kipenga, alikuwa anasikiliza. Akasema, "Basi na mimi uniandike, kaka. Nina miaka tisa hapa getini, kila saa nahitaji kiti." Mtaalamu alimjibu kwamba viti vina mtaalamu wake.

Gari hilo halijaondoka. Majani yameota kwenye sakafu yake, upande wa abiria. Mwaka jana paka alizaa chini ya boneti, watoto wanne, wote wakaishi. Hata hivyo nisingependa Kamati ihangaike kumtafuta mwenyewe, kwa hiyo nanukuu shajara yangu ya miaka mitatu iliyopita:

"Tarehe 9 Julai. Jua kali. Shemeji ameliacha gari lake uani, asema kwake hakuna pa kuliweka. Asema kesho kutwa anakuja na fundi. Nimelala saa tatu na nusu."

Kesho kutwa hiyo, Shemeji, sasa ina miaka mitatu na miezi minne. Sikulaumu. Natafakari tu kwamba chumba kinabomolewa ili gari lako lipate nafasi mara hamsini na tano, na gari lenyewe halijawahi kuomba hata moja.

3. Gari la Mtaalamu. Nilipomuuliza kwa nini amejihesabu, alisema kwamba asingepata pa kuegesha asingeweza kuhesabu, na kama asingehesabu Kamati isingejua kama pa kuegesha panahitajika. Jibu hili nimelitafakari kwa siku nne na sijapata mahali pa kulishika. Naliacha mbele ya Kamati kama lilivyo.

4. Utumiaji wa pamoja. Katika kumbukumbu za kikao zilizobandikwa ubaoni nimesoma kwamba, kwa kuwa jengo lina watumiaji watatu, katika awamu ya pili nafasi 26 zizidishwe kwa tatu, ziwe 78.

Kwa heshima, Mheshimiwa, pamoja maana yake ni kupokezana. Muuguzi wa kliniki na Fundi wametumia chumba kimoja kwa miaka sita na hawajawahi kuonana. Wanafahamiana kwa vikaratasi tu. Muuguzi huacha kimoja: "Mwalimu, sindano nimeikuta kwenye mizani, mtoto ameongezeka robo kilo." Fundi naye hujibu: "Dada, nashukuru. Na mimi nimekuta chupa ya maziwa kwenye droo ya vifungo." Watu wasiokutana hawawezi kugombea nafasi ya gari, hata wangekuwa na magari, na hawana.

Wewe mwenyewe nyumbani kwako mko saba na bafu ni moja. Hukujenga mabafu saba. Ulitunga zamu, ukaibandika mlangoni, na ukajiweka wa kwanza. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mama yako, na yeye alilalamikia sabuni.

5. Matokeo ya awamu ya pili. Kwa kuwa ninapenda kazi ikamilike, nimepima hizo nafasi 78 kwa utepe wa Fundi, ili Kamati isipate tabu. Tukishapata 26, zitabaki 52. Chumba cha pamoja kitatoa tano. Maktaba ya watu wazima, tukiondoa rafu, kumi na mbili. Veranda moja. Choo moja, ya gari dogo. Jumla kumi na tisa. Hapo jengo litakuwa limekwisha na bado tunadaiwa thelathini na tatu.

Nimeendelea kupima kutoka getini. Kibanda cha fundi viatu, duka la kutoa nakala, nyumba ya mjane, kisha nyumba ya nne, ambayo ni yako. Kwa vipimo vyangu, nafasi ya sabini na mbili inaangukia jikoni kwa dada. Nimepima mara tatu nikitumaini nimekosea. Mara ya tatu ilisogea kidogo, ikaangukia bafuni.

Sasa naomba Kamati inifuate kwa makini. Nafasi zote 78 zikikamilika, maktaba haitakuwepo, kliniki haitakuwepo, wala darasa. Hapatakuwa na sababu ya mtu yeyote kuja. Mtaalamu atahesabu na kupata sifuri. Mahitaji yakiwa sifuri, nafasi 78 zitakuwa za bure kabisa, na uwanja mkubwa uliokaa bure katikati ya mtaa, kila mtu anajua unafaa nini: unafaa kujengwa maktaba. Tutaijenga. Itakuwa na chumba cha watoto nyuma.

Kwa hiyo, ili kuokoa muda na vumbi, napendekeza Kamati ichukulie kwamba jengo limekwisha kubomolewa na kujengwa upya, mahali palepale, kwa ramani ileile, na kwamba kazi imefanyika vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Mimi niko tayari kuhudhuria ufunguzi.

6. Wasomaji. Wiki ileile ya hesabu, watoto 118 waliingia chumbani kwangu. Nami nimehesabu kwa utaratibu wangu wa kishamba, mtoto mmoja mara moja kwa kila aingiapo. Waliokuja kwa miguu ni 109. Waliokuja kwa baiskeli, saba, kwenye baiskeli tatu. Wawili walikuja mgongoni kwa dada zao, ambao kwa utaratibu wa Mtaalamu nadhani ni madereva. Hakuna aliyekuja kwa gari.

Mmoja wao mnamwona Alhamisi za kliniki. Mama yake huja kumpima mdogo wake, naye huachwa kwangu. Tunamwita Bi Maswali. Ana miaka saba na amesoma kabati lote upande wa kushoto. Upande wa kulia ameanza mwezi uliopita na anasema hafi mpaka aumalize. Baada ya kusoma tangazo aliniuliza, "Bibi, magari yakishaingia humu, yatasoma nini?" Nilimwambia magari hayasomi. Akafikiri, akasema, "Sasa kwa nini yanapewa chumba?" Naomba Kamati inisaidie jibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu atakuja na swali lilelile tena, na si mtoto wa kusahau.

Kutokana na hayo yote, naomba:

Mosi, kila gari lihesabiwe mara moja kwa siku, na pikipiki iitwe pikipiki.

Pili, ambalo ndilo ombi langu kubwa: nimearifiwa kwamba Mtaalamu anarudi keshokutwa, Alhamisi tarehe 13, saa mbili asubuhi, kuhesabu kwa siku moja ya mwisho, na kwamba hesabu hiyo ndiyo itakayoamua. Naomba mwenye gari la kijani aje kuliondoa kabla ya saa hiyo. Aje na fundi, au kamba, au wajukuu. Likikutwa pale, litahesabiwa mara kumi na moja kabla ya magharibi, na chumba kimekwenda.

Tatu, Kamati itamke kwa maandishi kwamba Chumba cha Watoto si mahali pa gari, hakijawahi kuwa, hakina umbo la kuwa, na gari haliwezi kuenea humo hata kwa nguvu. Nasema hili kwa uzoefu wa miaka kumi na saba. Niko tayari kuapa.

Nisalimie dada yangu, mwambie sufuria lake ninalo. Nisalimie watoto wote kwa zamu zao za bafu, na mama yako. Mfikishie Mtaalamu salamu, maana tulitofautiana kwa hesabu tu. Kipenga anakusalimu, anauliza habari za kiti chake. Paka na wanawe wanne hawajambo.

Wako katika kazi, na wako katika ukoo,

Mtunza Chumba cha Watoto.

Nyongeza. Jumatano, tarehe 12 Novemba, jioni. Asubuhi kavu, mchana upepo.

Barua hii haijakufikia kwa sababu karani wa Kamati amekataa kuipokea bila nakala tatu, na duka la kutoa nakala leo limefungwa. Kwa hiyo naongeza yaliyotokea, kwa kuwa sipendi kupeleka barua iliyopitwa na wakati.

Asubuhi nilikutumia ombi la pili kwa mdomo; saa nane mchana hukuwa umekuja. Nilimtuma Kipenga nyumbani kwako, akaambiwa umelala na kwamba unakumbuka, utakuja kesho kutwa. Hapo nikajua imebaki mikono yetu. Nilimwambia Fundi. Fundi aliwaambia wanafunzi wake kumi na mmoja waache mashine. Tulimhamisha paka. Tukatia upepo matairi yote kwa pampu ya baiskeli, dakika arobaini, kwa kupokezana. Kisha tukasukuma, na Fundi akiwa usukani anapiga kelele, "Sukumeni jamani, mnashona au mnasukuma?" Lilitoka penye majani yake kwa sauti kama ya mtu anayeamshwa kwa nguvu.

Tulikusudia kulitoa nje ya geti na kulileta mlangoni kwako. Lakini geti la magari limefungwa kwa kufuli jipya la Kamati, kulinda alama za vipimo, na ufunguo anao Mtaalamu, na Mtaalamu yuko njiani anakuja kwa ajili ya kesho. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa umeanza kutoka. Wasichana wa ushonaji walikuwa wamechoka. Kulirudisha ukutani nisingeweza. Ukutani ndiko linakohesabiwa. Nikatazama huku na huku uani, na mahali pekee palipokuwa na mlango wa kutosha ni kwangu.

Shemeji, linaenea.

Limeingia kwa kunyooka bila kugusa hata bawaba. Kila upande imebaki nafasi ya kupita mtu na mtoto aliyebebwa. Nimepima: la pili litaingia pia, na tukisogeza kabati la vitabu vya picha, la tatu na la nne. Mtaalamu alikuwa sahihi kwa sentimeta. Kile kiapo changu cha ombi la tatu, naomba ukisome kama hukukiona.

Saa tisa watoto walifika. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza, lakini hakuna aliyetaka maelezo. Ndani ya dakika tano viti vyote vitano vya gari vilikuwa na wasomaji, wawili wakiwa juu ya boneti na mmoja kwenye buti, mlango wake ukiwa wazi. Walioketi mbele wanasoma kwa sauti, walioketi nyuma wanasikiliza, na kila kurasa nne wanabadilishana usukani. Hawagombani. Ni zamu. Leo wameingia watoto arobaini na mmoja, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kwa siku moja. Bi Maswali, ambaye Jumatano huwa haji, aliletwa na sauti. Alilizunguka gari lote, akasoma namba zake za nyuma, akaniuliza, "Bibi, na yale mengine matatu yanakuja lini?"

Nilimwambia nitaandika barua niulize. Kwa hiyo nauliza.

Kesho Mtaalamu akihesabu atakuta uani kuna gari lake tu, na la chanjo mara moja. Chumba changu nadhani hakitabomolewa, kwa kuwa uani hapahitajiki nafasi. Ila nikiulizwa kama chumba hiki ni maegesho, sitaweza tena kusema hapana, na nikiulizwa kama gari lile linahitaji nafasi, itanibidi niseme ndiyo, saa zote, mara kumi na moja kwa siku na mara kumi na mbili Jumamosi, tunapochelewa kufunga. Basi ombi langu la pili nalifuta na kuweka hili mahali pake: tafadhali usije kulichukua gari lako. Fundi wako akipatikana, aje atazame kioo cha upande wa kushoto tu, hakishuki, na watoto wanaona joto.

Nimelala saa tano na dakika ishirini, baada ya kukumbuka kwamba breki ya mkono nilikuwa nimeivuta.